Kwa nini Baba huokota kokoto

Ukipita mtaani kwetu Kajiado alfajiri, kabla jua halijapanda sawasawa, utamwona mzee mmoja mrefu ameinama uani kwake kana kwamba ameangusha pesa. Hajaangusha kitu. Mkononi ana kopo la mafuta ya kupikia lililokwisha, na ndani ya kopo hilo anatia kokoto, misumari, vifuniko vya soda, vipande vya waya na chochote kingine kigumu kilicholala juu ya udongo. Huanzia kwenye geti, akaja polepole mpaka mlangoni pa jikoni, kisha akageuka na kurudi kwa mstari wa pili, kama mtu anayelima. Akimaliza huenda kulimwaga kopo nyuma ya zizi.

Huyo mzee ni baba yangu mzazi. Amefanya hivyo tangu nipate akili, na mimi sasa nimepita miaka thelathini na mitano.

Tulipokuwa wadogo tulidhani kila baba wa Kajiado huokota kokoto. Baadaye, nilipoanza kwenda kwa kina rafiki zangu na kuona nyua zao zimejaa mawe na hakuna anayejali, nikajua ni baba yetu tu. Majirani walisema mzee ana ugonjwa wa usafi. Mama alicheka na kunyamaza.

Wala kokoto si peke yake. Nyumbani kwetu vijiko huhesabiwa. Baada ya chakula cha jioni Baba huuliza, "Ni kumi na mbili?" na mtu hujibu, "Ni kumi na mbili." Kijiko kimoja kikikosekana hakuna anayelala. Nakumbuka usiku mmoja nikiwa darasa la nne tulimwaga pipa zima la taka nje, tukiwa na taa ya mafuta, mpaka kijiko kikaonekana ndani ya maganda ya viazi. Baba hakumpiga mtu wala kumfokea. Alikipangusa, akakirudisha mahali pake, akasema, "Sasa mnaweza kulala." Mpaka leo, msomaji, ninapoosha vyombo kwangu Kitengela midomo yangu huhesabu yenyewe.

Na kuna la tatu, ambalo humkera mume wangu kuliko yote. Tukimtembelea Baba na gari, haturuhusiwi kuingia moja kwa moja. Husimama getini na msumari wake, akazunguka tairi zote nne akichokoa vijiwe vilivyonasa katika meno ya mpira. Wakati wa mvua, barabara zetu za vumbi zikiwa zimegeuka uji, kazi hiyo huchukua robo saa nzima nasi tumekaa ndani kama washukiwa.

Haya yote niliyaona, nikayazoea, na sikuuliza. Nataka ulikumbuke hilo, kwa sababu kazi yangu ni kuuliza watu maswali.

Mwaka 2012, nikiwa nimetoka chuoni juzijuzi na stashahada yangu ya uandishi wa habari ikiwa bado inanuka wino, nilipewa kazi ya kuandika makala kuhusu jaribio la kuipindua serikali la Agosti 1, 1982. Ilikuwa imetimia miaka thelathini. Nilitafuta watu huku na huko. Nilizungumza na mama aliyekuwa na duka lililoporwa jijini, nikazungumza na mwalimu aliyelala chini ya kitanda siku mbili. Makala ikachapishwa, nami kwa majivuno ya ujana nikampelekea Baba nakala Kajiado. Aliisoma yote, mstari kwa mstari, miwani ikiwa puani. Alipomaliza alikunja gazeti na kusema, "Ndege umeikosea. Si F-15. Ni F-5. Kenya haijawahi kuwa na F-15."

Nikamwuliza amejuaje. Akasema alisikia redioni.

Nikamwamini! Mwandishi wa habari mzima, nikaamini kwamba mfugaji wa Kajiado anaweza kutofautisha aina za ndege za kivita za Marekani kwa kusikiliza redio. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama, lakini mimi nadhani hawakuwahi kukutana na binti aliyezoea kumwona baba yake kama samani ya nyumba.

Miaka kumi ikapita hivyo.

Mei 2022 ilitangazwa kwamba jeshi lingefanya maonyesho ya ndege pale Uhuru Gardens, Lang'ata, mahali ambapo Wizara ya Ulinzi ilikuwa ikijenga makumbusho ya taifa. Mwanangu wa kwanza, aliyekuwa na miaka kumi na kichwa kilichojaa roketi, aliona tangazo kwenye televisheni na tangu saa hiyo nyumba haikukalika. Mdogo wake wa kike hakujali ndege, ila alisikia kutakuwa na watu wa kuruka na miavuli, naye akajiunga na upande wa kaka yake. Mume wangu akakubali. Mimi nikampigia Baba simu kumwambia tu kwamba Jumamosi hiyo hatutakuja Kajiado, tuna safari ya watoto.

Akauliza safari gani. Nikamweleza. Simu ikanyamaza muda mrefu hata nikadhani mtandao umekatika. Kisha akauliza swali ambalo sikulielewa. "Kutakuwa na wazee?"

"Wazee gani, Baba?"

"Wazee tu. Watu wa rika langu."

Nikasema bila shaka watakuwapo, ni siku ya watu wote. Akasema, "Basi nakuja."

Ijumaa jioni alishuka kwenye matatu ya Kajiado hapa Kitengela, amevaa koti lake la harusi za watu na viatu vilivyong'arishwa mpaka unajiona. Usiku huo alihesabu vijiko vyangu. Vilikuwa tisa, kwa sababu mimi sikununua seti, na nikaona jambo hilo limemsumbua.

Kesho yake tukaondoka mapema. Unaoijua Barabara ya Namanga asubuhi ya Jumamosi utajua nasema nini: malori ya saruji, pikipiki, ng'ombe wanaovuka kwa madaha yao kana kwamba barabara ilijengwa juu ya malisho yao, jambo ambalo ni kweli. Tukapita Athi River, tukashika Barabara ya Mombasa, tukaingia barabara ya kando ya mbuga ya wanyama, ile ya Southern Bypass. Watoto walikuwa wakitafuta twiga. Baba alikuwa akitazama juu. Ndege ndogo zinazotua Wilson hupita chini pale, na kila iliyopita aliisindikiza kwa macho bila kusema neno. Uwanja ule wa Wilson, kwa asiyejua, una jina la mwanamke, Florence Kerr Wilson, aliyeanzisha kampuni ya ndege hapa Nairobi mwaka 1929. Nilimweleza binti yangu habari hiyo kwa matumaini kwamba ataipenda. Aliniuliza kama huyo mama aliruka na mwamvuli.

Uhuru Gardens si mahali pa mchezo katika historia yetu. Hapo ndipo bendera ya Mwingereza ilipoteremshwa na yetu kupandishwa usiku wa manane kuamkia Desemba 12, 1963. Miezi michache baadaye, Juni 1, 1964, likazaliwa Jeshi la Wanahewa la Kenya, likianza na vindege vya mafunzo na vya mizigo, na makao yake Eastleigh palipokuwa kituo cha Waingereza. Haya niliyasoma usiku ule kabla ya safari ili nisiaibike mbele ya mtoto wa miaka kumi. Sikujua kwamba aliyehitaji kuulizwa alikuwa amelala chumba cha pili.

Watu walikuwa wengi ajabu. Akina mama na vikapu vya chakula, vijana na simu zao juu, watoto mabegani mwa baba zao. Tulipata nafasi kwenye nyasi, tukatandika leso. Helikopta zilipita, waruka-miavuli wakadondoka kama maua, na binti yangu akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka.

Kisha likatokea jambo la kwanza. Baba, aliyekuwa ameketi kimya, aliinuka ghafla, akapiga magoti nyuma ya wajukuu wake wawili na kumziba kila mmoja sikio moja kwa kiganja, sikio la pili akalibana kifuani mwake. Hakukuwa na chochote angani. Nilifungua kinywa nimwulize ana nini, na hapo hapo ndege ya kivita ikapita juu yetu kama mshale. Mlio wake ukaja baada yake. Sijui nikueleze vipi, msomaji. Ulikuwa kama mabati ya kijiji kizima yanayoraruliwa kwa pamoja, na uliusikia mifupani kabla ya masikioni. Watoto wa jirani walilia. Wangu walikuwa wamekaa wametulia ndani ya mikono ya babu yao.

"Ilikuwa inakuja kutoka nyuma ya miti," alisema. "Ukiona ndege wa porini wametawanyika upande mmoja, ziba masikio."

Mwanangu akamwuliza hiyo ni ndege gani. Baba akajibu bila kufikiri, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtu anayejibu mkubwa wake wa kazi: "F-5. Injini mbili za J85. Ya kiti kimoja ni E, ya viti viwili ni F. Zilikuja mwaka 1978."

Mume wangu akanitazama. Mimi nikaitazama leso.

Baadaye tulikwenda kuangalia helikopta iliyokuwa imesimama chini, watu wameizunguka. Kando yake alisimama fundi kijana wa jeshi, ovaroli safi, akiwajibu watoto maswali kwa uvumilivu wa mwalimu wa chekechea. Mwanangu aliuliza inakwenda kasi gani, mtoto mwingine akauliza inakula mafuta kiasi gani. Ndipo Baba akasogea na kuuliza la kwake. "Kijana, bado mnaokota mawe asubuhi?"

Yule fundi akacheka kwa furaha. "Hilo haliachwi, Mzee. Kila siku."

Akawageukia watoto na kuwaeleza. Injini ya ndege ya jeti hufyonza hewa kwa nguvu kubwa sana, na chochote kilicho chini mbele yake huweza kufyonzwa pia. Kijiwe kama punje ya hindi kikiingia humo hugonga mapanga yanayozunguka maelfu ya mara kwa dakika, panga moja likivunjika linavunja jingine, na rubani aliye juu hana pa kusimamisha gari. Kwa hiyo kila asubuhi wanajeshi hupanga mstari, bega kwa bega, wakatembea barabara ya kurukia ndege wameinamisha vichwa, wakiokota. Na gari lolote kabla ya kuingia uwanjani hukaguliwa tairi, vijiwe vikachokolewa. Na vifaa vya kazi huhesabiwa kabla na baada, kwa sababu spana iliyosahauliwa ndani ya injini huua kama risasi. Ikikosekana moja, ndege hairuki.

Alipokuwa akisema hayo mwanangu aligeuka taratibu akamtazama babu yake. Nami nilisimama pale nikiona ua wetu wa Kajiado, kopo, msumari wa tairi, na pipa la taka lililomwagwa usiku nikiwa darasa la nne.

Fundi naye hakuwa mjinga. "Mzee," akasema, "ulikuwa na sisi?"

Baba akatazama kulia, kisha kushoto. Miaka arobaini baadaye, mchana kweupe, katikati ya watu wanaokula aiskrimu, baba yangu alitazama kulia na kushoto. "Zamani," akasema. "Nanyuki."

"Mpaka mwaka gani?"

"Themanini na mbili. Mwezi wa pili." Kisha tena, kwa mkazo, "Mwezi wa pili. Mkataba wangu uliisha mwezi wa pili."

Kijana yule alikuwa hajazaliwa mwaka huo, lakini alielewa. Alijinyosha, akampa mkono kwa mikono miwili, akasema ngoja amwite mkubwa wake, atafurahi sana kumwona. Akageuka kwenda. Aliporudi na mwenzake sisi hatukuwa pale. Baba alikuwa amemshika binti yangu mkono na kutembea haraka kuelekea kwenye miti, nasi tukamfuata kama bata.

Tulipokaa kula chapati ndipo nilipogundua kwamba tangu asubuhi Baba hakuwa akitazama ndege hata kidogo, ila zile zilizomlazimisha. Alikuwa akitazama watu. Kila mzee aliyepita na mkongojo, kila kofia, kila kichwa cheupe, alikifuata kwa macho mpaka kikapotea. Nikakumbuka swali lake la simu.

"Baba, unamtafuta nani?"

Sitakueleza yote aliyonieleza alasiri ile, maana mengine ni ya familia. Nitakupa yale aliyoniruhusu, na ruhusa yenyewe nimeingoja muda mrefu.

Aliingia jeshini mwaka 1973 akiwa kijana aliyetoka shule, akafundishwa ufundi wa injini. Alianza na ndege za Waingereza, Strikemaster na Hunter. Zilipofika F-5 kutoka Marekani akawekwa kwenye kundi lake. Aliipenda ndege hiyo kama wengine wanavyompenda fahali. Aliniambia injini yake ni ndogo kiasi cha kushangaza, kwa sababu aina hiyo ya injini ilibuniwa kwanza kwa ajili ya kombora la kuwahadaa maadui, kitu cha kurushwa mara moja na kutupwa. "Kitu cha kutupwa," alisema, "na bado kinaruka." Zile zilizopita juu yetu siku hiyo huenda si zile zile alizozishika yeye, maana miaka ya baadaye Kenya ilinunua nyingine zilizotumika kutoka Jordan. Lakini mlio, alisema, ni ule ule.

Mwisho wa 1981 babu yangu alifariki. Baba ndiye mtoto pekee wa kiume. Nyanya akatuma ujumbe Nanyuki kwamba ng'ombe hawana mtu, na kama mwanawe anataka kuendelea kuosha vyuma vya serikali basi aje kwanza auze mifugo ya baba yake kwa mkono wake mwenyewe. Mkataba wake wa miaka tisa ulikuwa unakwisha. Alikuwa amekusudia kuuongeza. Hakuuongeza. Alirudi Kajiado Februari 1982 akiwa amemkasirikia mama yake kwa moyo wote, na kwa miezi sita alichunga ng'ombe bila kuzungumza naye ila kwa lazima.

Halafu ikaja ile Jumapili ya Agosti mosi. Mwenye umri anakumbuka. Asubuhi redio ya Sauti ya Kenya ilitangaza kwamba serikali imepinduliwa. Waliofanya hivyo walikuwa askari wa Jeshi la Wanahewa. Kabla ya siku kwisha jeshi la nchi kavu lilikuwa limeikomboa redio na kuuzima uasi, na kiongozi wake, Hezekiah Ochuka, askari wa cheo cha chini, alikuwa ametorokea Tanzania kwa ndege ya jeshi. Baadaye alirudishwa, akahukumiwa na kunyongwa mwaka 1987. Huko Nanyuki waasi waliwalazimisha marubani kwa mtutu wa bunduki waruke na F-5 zilizobeba mabomu kwenda kupiga Nairobi. Marubani wale wakayaangusha katika msitu wa Mlima Kenya. Jeshi zima la Wanahewa likavunjwa. Lililoundwa badala yake halikuruhusiwa hata kubeba jina la zamani, likaitwa '82 Air Force mpaka mwaka 1994. Askari wake kwa mamia walizuiliwa katika magereza, waliohusika na wasiohusika, na kesi za fidia za baadhi yao zilikuja kuamuliwa na mahakama wakiwa tayari wazee.

Baba alikuwa malishoni. Ndio ukweli wote: siku hiyo alikuwa malishoni na ng'ombe wa marehemu baba yake. Alikuwa na barua halali ya kuacha kazi. Lakini nani angengoja kusoma barua? Ilisemekana askari waliokimbia walikuwa wakivua sare na kuomba nguo kwa watu, na kwamba anayekutwa na kitu chochote cha Wanahewa ana kesi ya kujibu. Nyanya, yule yule aliyemkasirisha, alichukua kofia, ovaroli mbili, sare ya samawati na picha zote za miaka tisa, akazichoma nyuma ya zizi usiku. Barua akaishona ndani ya mto. Akamwambia mwanawe kwamba kuanzia leo hujawahi kwenda Nanyuki. Na mwanawe akatii kwa miaka arobaini. Mama alijua, kwa kuwa aliulalia mto huo. Sisi watoto sita hatukujua.

Ndiyo sababu, msomaji, hatuna picha hata moja ya Baba akiwa kijana. Tulikuwa tukiambiwa zililoa mvua.

Nilimwuliza kama alikuwa na hofu bado. Akasema hofu imekwisha zamani, iliyobaki ni mazoea tu, kama kokoto. Sikubaliani naye. Nilimwona alivyotazama kulia na kushoto.

Lakini si hofu iliyomleta Lang'ata. Kulikuwa na rafiki. Walitumia boksi moja la vifaa kwa miaka minne, yeye na kijana mmoja kutoka magharibi mwa nchi, mfupi, mcheshi, aliyekuwa akimfundisha Baba kula samaki bila kumeza miiba. Ndani ya kifuniko cha boksi hilo walichora mnyama kwa rangi nyeupe iliyobaki baada ya kupaka alama za ndege. Mnyama gani, sitasema.

Desemba 1980 spana moja ikakosekana. Kazi ilikuwa imekwisha, ndege ilikuwa inangojewa, hesabu ikaja pungufu kwa moja. Banda zima likasimamishwa. Hakuna aliyekwenda kula wala kulala, watu wakatambaa sakafuni na tochi, injini ikafunguliwa upya. Saa nane za usiku ilipatikana. Mahali ilipopatikana Baba ameniomba pia nisiandike. Aliyeisahau hapo ni Baba, na aliyeiona kwanza ni yule rafiki yake, ambaye kabla Baba hajasema neno alisimama wima mbele ya sajini na kusema kosa ni lake. Baba alikuwa na onyo moja tayari kwa kosa jingine, na la pili lingemtoa kazini. Rafiki yake alinyimwa likizo ya Krismasi. Mke wake alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza mwezi huo.

"Nilimwambia nitakulipa," Baba alisema. "Akaniambia utalipa samaki. Halafu mimi nikaja nyumbani Februari, yeye akabaki."

Agosti mosi alikuwa Nanyuki. Baada ya hapo Baba hakusikia tena habari zake. Hajui kama alifungwa, kama aliachiliwa, kama yu hai. Hakumwandikia barua, kwa sababu barua ya kumtafuta mwanahewa katika miaka ile ilikuwa na njia mbili: imtie matatani mwandikaji au mwandikiwa. Miaka ikawa mingi, kisha ikawa aibu. Hapo ndipo nilipotaka kumwambia kwamba mwaka 2012 nilikuwa nikizunguka nchi na kalamu nikitafuta watu wa mkasa huo, na kwamba kama angenena neno moja badala ya kunisahihisha F-15... Sikusema. Kama yeye aliweza kunyamaza miaka arobaini, mimi nami niliishi naye zaidi ya thelathini bila kumwuliza kwa nini anaokota mawe.

Jioni tulirudi Kitengela. Watoto walilala garini. Tulipofika getini kwetu mume wangu, bila kuambiwa, alisimamisha gari, akazima injini na kumtazama Baba kwenye kioo. Baba akatoa msumari mfukoni. Walishuka wote wawili, mmoja akashika upande wa kulia, mwenzake wa kushoto.

Niliporudi kumwomba ruhusa ya kuandika haya alikataa mara tatu. Mara ya nne, juzi, aliniuliza yeye: "Hilo gazeti lenu, linafika wapi?" Nikamwambia linafika kote. "Hata kule kwenye samaki?" Hata huko. Akafikiri. Akasema niandike, ila nisitaje jina lake wala la mwenzake.

Basi sasa nazungumza na mtu mmoja tu, na wengine mtaniwia radhi. Mzee, kama uliwahi kuwa fundi wa injini Nanyuki, ukatumia boksi moja na kijana mrefu wa Kajiado asiyejua kula samaki, niandikie kupitia gazeti hili. Au mwambie mwanao aandike. Sihitaji jina wala namba ya kazi. Niambie tu ni mnyama gani alichorwa ndani ya kifuniko, na spana ilipatikana wapi. Ukija mwenyewe, njoo mapema. Utamkuta uani.